Maji ya Shimo la Kumi na Moja

Asubuhi ya Alhamisi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya uwanja wa gofu ambao haujajengwa.

Coletha aliutembea kwa miguu, ramani mkononi, kama vile upo. Shimo la kwanza lilikuwa bendera ndogo nyekundu iliyochomekwa kwenye nyasi ndefu, na ng'ombe wawili wamesimama kando yake. La pili lilikuwa juu ya kichuguu. Kwenye la tano mtu alikuwa ametundika koti lake juu ya kijiti cha bendera akaenda zake. Bendera zilijitokeza moja moja kutoka kwenye weupe, zikakaa machoni kidogo, kisha zikafifia nyuma yake. Hakukuwa na sauti nyingine ila nyasi zilizolowa zikigusa viatu.

"Hapa ramani inasema iko hoteli," alisema Peguy nyuma yake.

Coletha alitazama. Palikuwa na jiwe na mbuzi.

"Imejaa wageni," alisema, akaendelea kutembea.

Coletha alikuwa Mhaya wa Bukoba. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mkalimani katika mahakama za Durban. Watu walipozoea kumwona pale, walianza kumwomba awatafutie ukweli wa mambo yao kabla hayajafika kwa hakimu, na hiyo ikawa kazi yake. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Sydenham, juu ya duka la simu. Upelelezi hakufundishwa na mtu. Aliandika kila jambo chini ya siku lilipotokea, kisha akakaa na zile siku mpaka zikaanza kuzungumza.

Aliyemwajiri ni Larissa, msusi wa saluni moja ya Isipingo, na mtu wa kuokolewa alikuwa mume wake, huyu Peguy, fundi wa kupima maji kutoka Bukavu. Ukoo wa KwaMdlazi, wenye ardhi hii ya vilima bara kidogo kutoka Isipingo, ulitaka kujenga uwanja wa gofu ili vijana wao wapate kazi. Baraza lao la jadi likaleta kampuni ya washauri kuchunguza kama jambo lenyewe linawezekana: udongo, barabara, wachezaji, maji. Kupima maji kulimwangukia Peguy. Majani ya uwanja mzima yangehitaji lita kumi kila sekunde. Peguy aliandika kwamba kijito cha Nkonjane kina lita kumi na nne. Wiki mbili baadaye mwekezaji akatuma wapimaji wengine, mahali pale pale, nao wakapata sita.

Kampuni ilisema Peguy alizitunga namba hizo kwa kuhongwa na dalali wa mradi. Saa nane mchana wa siku hiyo baraza lingekaa, na baada ya kikao katibu angepeleka barua ya mashtaka polisi. Peguy aliishi Durban kwa karatasi ya mkimbizi, na karatasi hiyo ilikuwa inakaribia kuisha. Hakuna aliyejua kama huongezwa muda kwa mtu mwenye kesi ya udanganyifu.

Walifika shimo la kumi na moja saa tatu. Kijito kilipita hapo kwenye mwamba, chembamba, cheusi, bila haraka. Katikati yake ulisimama ubao mnene wenye pengo la umbo la V, na maji yote yalilazimika kupita kwenye pengo hilo.

"Unasoma vipi?" Coletha aliuliza.

"Urefu ya maji kwenye pengo, Maman. Ukijua urefu, unajua lita. Ni hesabu ya zamani, haidanganye." Peguy aliinama na rula yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kumi na moja na kidogo. Donc, lita sita."

"Na Machi?"

"Sentimita kumi na sita. Siku tano, kila siku mara tatu. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita." Aliinuka. "Maman Coletha, mimi sikutunga. Lakini hata mimi ningekuwa polisi, eish, ningenifunga."

Coletha alipiga magoti akakagua saruji iliyoshika ubao kwenye mwamba. Haikuwa na ufa. Tarehe ilikuwa imekwaruzwa juu yake kwa msumari: tarehe kumi na moja Machi. Aliweka pima-maji juu ya ubao, na kile kitone cha hewa kikatulia katikati. Ubao haukuhama wala kuinama.

Swali la mvua alikuwa ameshaliondoa siku iliyotangulia. Mwalimu wa shule ya pale alikuwa na daftari la mvua. Tangu mwanzo wa Machi hadi siku ile zilikuwa zimeanguka milimita mbili, na mwalimu alisema hata hizo ni kwa heshima.

Alikaa juu ya mwamba, akafungua daftari lake.

"Tuanze na gari," alisema. "Kampuni ina picha. Jumamosi tarehe kumi na tano Machi unashuka kwenye gari jeupe la dalali, stendi ya Isipingo. Mnacheka."

"Alinipa lifti."

"Kwa nini hukupanda taksi?"

"Taksi hazikukuwa. Nilingojea pale kwenye lami masaa mbili. Hata moja."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Nimekaa jana pale kwenye lami, Peguy. Nimehesabu taksi kumi na nane kwa saa moja. Mwenye duka anasema Jumamosi huwa zaidi."

"Mimi nakuambia ile nilionaka. Barabara ilikuwa mutupu. Ilikuwa sawa na ndoto, watu wote wamepotea. Dalali akapita, akasimama. Alikuwa anachekesha, anasema golf yake haijajengwa na tayari inakosa wachezaji."

Coletha aliandika: *Jumamosi 15. Taksi hakuna.* Kisha akapiga mstari chini yake. Mtu anayetunga uongo, alijua kutoka mahakamani, huchagua uongo unaoingia akilini. Huu haukuingia.

"Ulipiga picha za ubao?"

"Kila kipimo. Kampuni ilizikataa, wanasema picha ya maji haionyeshe siku."

Alimpa simu. Coletha alizipitia taratibu. Pengo, rula, maji manene yenye kung'aa. Pengo, rula. Katika ya saba mkono wa Peguy ulikuwa umetikisika, na kamera ikachukua ng'ambo pia: mteremko wa juu, bustani, na wanawake. Aliikuza kwa vidole viwili. Walikuwa kama tisa, wameketi chini kwa mstari, miguu wameinyoosha. Kila mmoja alijifunika shuka mabegani, na jua lilikuwa kali. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanakaa tu. Siku zote tano. Nilipita karibu yao asubuhi, nikapita jioni, wamekaa. Njo maana nikaandika kwenye ripoti: bustani zimeachwa, hazilimwe tena."

"Uliandika hivyo?"

"Ndiyo. Kampuni ilifurahi, sababu shimo ya kumi mpaka ya kumi na tatu zinapita pale pale."

Coletha aliikuza picha tena, mpaka nyuma ya wanawake yakaonekana matuta ya kabichi. Kabichi zilikuwa kubwa, zimejaa, na kati ya matuta hakukuwa na gugu hata moja.

"Nani ameacha kabichi iliyopaliliwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Peguy aliinama juu ya simu kutazama.

"Umezaliwa Bukavu mjini?"

"Katikati kabisa. Soko iko pale, nyumba iko hapa."

"Jirani akifa, kwenu mnafanya nini?"

"Tunaenda matanga jioni. Mchana watu wako kazini, Maman. Mujini kazi haingojee."

"Kwetu Bukoba," alisema Coletha, "jembe halishikwi mpaka marehemu azikwe. Ukilima, watu wanasema unamchimbia aliyebaki." Alisimama, akakung'uta sketi. "Chukua ule ubao wako wa akiba. Twende juu."

Ramani ya kampuni iliishia kwenye msitu mdogo wa miwati, ng'ambo ya kona ya kijito. Njia haikuishia pale. Iliingia msituni, na humo ukungu ulikuwa wa kijani, na maji yakasikika pande mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, mpaka Peguy akasimama kugeuza kichwa. Kushoto kilikuwa kijito. Kulia, kati ya mizizi, ulipita mfereji wa udongo uliokandwa kwa miguu ya watu, umejaa hadi ukingoni, unakwenda upande wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeondoka nyumbani wenzake wakiwa wamelala.

Walitokea kwenye bustani. Wanawake walikuwa wanalima. Mmoja wao, mnene, mwenye kofia ya sufu na koleo, alisimama juu ya tuta akawatazama wakipanda.

Coletha alimwamkia kwa Kizulu, lugha aliyojifunza kwenye korido za mahakama. Mwanamke aliitika. Jina lake lilikuwa MaCele, na ndiye aliyegawa zamu za maji.

"Nyinyi ni wa bendera?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi ni wa maswali."

"Afadhali bendera. Bendera ng'ombe wanakula." Wanawake wakacheka. MaCele alimnyooshea Peguy koleo. "Huyu namjua. Mwezi uliopita alipita hapa na mbao zake, anatembea kama amechelewa ndege. Hakusema hata pole."

Peguy aliuliza amesema nini. Coletha alimwambia baadaye.

"Mama, mwezi uliopita mlikuwa mmekaa."

"Tulikuwa tumekaa."

"Nani alifariki?"

MaCele alipunguza sauti. "Mama yake inkosi. Mama wa chifu wetu. Alitutoka Jumatatu, tukamzika Jumamosi. Watu walitoka mpaka Eshowe. Taksi zote za huku zilikuwa za msiba."

Coletha aliandika siku hizo mbili. Jumatatu tarehe kumi. Jumamosi tarehe kumi na tano.

"Na mfereji huu?"

"Mfereji ulifungwa. Siku za msiba udongo haunyweshwi. Uliona ule ubao mkubwa pale mwanzoni? Unaushusha, maji yote yanarudi mtoni. Jumapili tukaufungua."

"Siku nyingine huwa wazi?"

"Usiku na mchana. Kabichi hailali."

Coletha alimgeukia Peguy, akamweleza kwa Kiswahili, polepole, siku kwa siku. Peguy alisikiliza akiwa ameshika ubao wa akiba kifuani. Alipoelewa alikaa chini kwenye nyasi.

"Nilipima mto ya siku tano," alisema. "Haikuwa mto ya kila siku."

"Namba zako ni za kweli. Sasa tuzithibitishe." Coletha alimrudia MaCele. "Mama, naomba kitu. Tuufunge mfereji saa moja tu. Huyu ashuke chini, asome maji yakipanda."

Vicheko viliisha. MaCele aliichomeka koleo ardhini.

"Hapana."

"Saa moja, mama."

"Hata dakika moja. Mfereji hufungwa kwa kifo. Nikiushusha ule ubao leo, watu watauliza nani amekufa. Na ukiuliza sana nani amekufa, dada, mtu hujitokeza."

"Huyu kijana akishindwa kuonyesha, anakwenda polisi leo."

"Nimesikia. Namhurumia. Lakini nina wajukuu wanne."

Coletha hakubishana. Alitazama saa yake: saa tano kasoro. Peguy alitaka kujua wamekataa nini, naye akamwambia. Alitegemea kumwona amekasirika. Badala yake Peguy aliutazama mfereji, kisha ubao uliokuwa mikononi mwake, kisha mfereji tena.

"Hatuna haja ya kufunga," alisema. "Kwa nini tufunge? Hii mfereji ni mto mudogo. Nipe udongo na gunia."

Wanawake watatu walimsaidia. Waliusimamisha ubao wa akiba katikati ya mfereji, wakaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi na magunia ya mbolea. Maji yalisita nyuma ya ubao, yakainuka kidogo, yakatafuta pengo la V, yakaanza kupita. Peguy alikataa kusoma mapema. Walikaa wote ukingoni wakingoja yatulie. Ukungu ulikuwa umetoka, na chini kabisa, mbali, zilionekana kreni za bandari, ndogo kama vibanio vya nguo, na nyuma yake bahari isiyo na mstari wa mwisho. Kereng'ende mmoja alikuja akatua juu ya rula.

"Sentimita kumi na mbili na nusu," Peguy alisema hatimaye. Alipiga hesabu kwenye simu, akairudia kwa kalamu. "Lita saba na nusu. Na chini iko sita. Kumi na tatu na nusu."

"Machi ulipata kumi na nne."

"Ndiyo. Nusu lita imepotea."

"Wiki nne bila mvua."

"Voilà. Ingekuwa kumi na nne kamili, hata mimi ningeshuku."

Coletha alipiga picha vipimo vyote viwili. MaCele, aliyekuwa akifuata namba kwenye vidole vya Peguy, alimvuta Coletha pembeni.

"Umemwokoa," alisema. "Sasa niambie. Hiyo karatasi yako inasema maji ya gofu yako wapi?"

Coletha alimtazama.

"Yako kwenye mfereji wenu, mama."

"Ndivyo nilivyofikiri." MaCele alivua kofia, akajifuta uso nayo. "Andika hivyo hivyo. Uongo mwingine hatuuhitaji. Lakini nakuja na wewe."

Baraza lilikaa katika ukumbi wenye viti vya plastiki na madirisha wazi. Chifu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sura, na kwenye mkono wa shati lake kilikuwa kimebanwa kitambaa cheusi cha msiba. Kulia kwake alikaa katibu, Bwana Shozi, mwenye faili na barua ya polisi juu yake. Kushoto alikaa meneja wa kampuni ya washauri, Bwana Moonsamy.

Coletha alisoma alichoandika, siku kwa siku, bila kuongeza neno. Alipofika kwenye mfereji, Bwana Shozi alivua miwani.

"Mimi nilikuwepo msibani," alisema. "Nilibeba viti. Ripoti niliisoma mara nne."

"Ripoti inasema siku tano za mwezi Machi, Baba Shozi. Haisemi zipi. Tarehe ziko kwenye saruji."

"Na mfereji sote tunaujua."

"Ndiyo maana hakuna aliyeutaja."

Bwana Shozi aliitazama barua yake. Huyu hakuwa mtu mbaya. Ukutani nyuma yake kulikuwa na orodha ya majina aliyoiandika kwa mkono, vijana mia moja na arobaini waliojiandikisha kufanya kazi kwenye uwanja ule.

Bwana Moonsamy alikuwa wa kwanza kuona upande wa pili wa hesabu. Alijinyoosha kwenye kiti.

"Basi habari ni nzuri," alisema. "Tulidhani maji ni sita. Kumbe ni kumi na tatu na nusu. Yanatosha na kubaki. Ni suala la kufunga mfereji mmoja wa udongo. Akina mama watapewa kazi jikoni, hotelini."

MaCele alikuwa amekaa mlangoni. Wazee wawili waliinamisha vichwa. Macho yalimgeukia chifu, naye alikuwa akitazama nje, kule bendera nyekundu zilikopepea juu ya nyasi kama vitu vilivyosahauliwa na watoto.

"Mkataba ni wa miaka mingapi, Bwana Moonsamy?"

"Hamsini, Ndabezitha," alijibu, akimwita kwa jina la heshima la machifu.

"Mfereji ule tunaufunga tukiwa na maiti ndani ya nyumba." Chifu alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Unaniomba nikae na maiti miaka hamsini."

Bwana Shozi aliuliza, kwa sauti ndogo, kama uwanja unaweza kuwa wa mashimo tisa badala ya kumi na nane. Bwana Moonsamy alisema itabidi kuhesabu upya. Chifu alisema wahesabu, lakini safari hii waanzie juu ya mto, na wamuulize MaCele kabla hawajachomeka kijiti. Kisha akanyoosha mkono. Bwana Shozi akampa ile barua. Chifu aliikunja mara mbili, akaichana, na vipande akamrudishia katibu wake avishike.

"Utaandika nyingine," alimwambia. "Kwamba kijana huyu alipima kweli. Naitia sahihi leo, ukumbini humu."

Coletha alimtafsiria Peguy. Peguy alifumba macho, akayafumbua.

"Sasa nina swali kwake," chifu alisema. "Muulize. Siku tano alipita mbele ya wanawake waliojifunika, kwenda na kurudi. Hakumuuliza hata mmoja wao kuna nini?"

Coletha aliuliza.

"Hapana, Baba," alisema Peguy. "Niliwaandika tu kwenye ripoti."

Tafsiri ilipokwisha, Peguy alisimama. Hakujua aweke wapi mikono, akaishika mbele yake. Alimtazama chifu, kisha akageuka nusu ili MaCele naye awe mbele yake.

"Poleni na msiba," alisema. "Nimechelewa mwezi muzima. Poleni sana."

Coletha aliyageuza kuwa yale ambayo Wazulu huambiana kwenye matanga: halijatokea ambalo halijawahi kutokea. Wazee waliitikia kwa pamoja, chini chini. Chifu aligusa kile kitambaa cheusi mkononi mwake, akatikisa kichwa kukubali, na Bwana Shozi akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye faili, akaanza kuandika.